Damu iliyoganda Oslo, hofu iliyotua Kinshasa

Agosti 2021, Dar es Salaam, foleni ya chanjo ya Uviko-19 chini ya turubai. Shangazi yangu alimwinamia muuguzi, akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokuwa na hela yake: "Mwanangu, hii ndiyo ile inayogandisha damu?" Muuguzi akacheka kidogo. "Hapana mama, ile ni AstraZeneca. Hii ni Janssen." Shangazi akakunja mkono wa gauni, akachomwa, akapewa kadi, tukaondoka.

Jibu lile lilitoka kwa nia njema, ila halikuwa sahihi. Janssen, ambayo Tanzania ilipokea dozi zaidi ya milioni 1 mwezi Julai, imetengenezwa kwa njia ileile ya AstraZeneca: kirusi cha adeno kilichobadilishwa kisiweze kuzaliana mwilini. Marekani ilikuwa imeisimamisha kwa siku kumi kuanzia Aprili 13, baada ya wanawake sita kuganda damu kichwani kati ya watu karibu milioni 7 waliochanjwa. Bado nasikia watu wakibishana kama chanjo hizi zilikuwa na madhara au la. Zilikuwa nayo, ubishi huo umekwisha. Kinachostahili kubishaniwa ni kama waliozisimamisha walifanya sawa, na kama waliowaiga walifanya sawa.

Ugonjwa wenyewe ni wa ajabu. Damu ina chembe sahani, zile zinazokimbilia jeraha na kuliziba, nazo hutoa protini inayoitwa PF4. Kwa watu wachache sana, kati ya siku ya 5 na ya 30 baada ya chanjo, mwili hutengeneza kingamwili zinazoishambulia PF4 yake wenyewe. Kingamwili na protini zikishikana huziamsha chembe sahani kwa wingi, damu ikaganda pasipo jeraha lolote, mara nyingi kwenye mishipa inayotoa damu kichwani. Na kwa kuwa chembe sahani zimetumika ovyo, zinapungua. Mgonjwa mmoja anaganda huku na kuvuja kule.

Andreas Greinacher wa Greifswald, Ujerumani, aliutambua upesi kwa sababu alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza ugonjwa unaofanana nao sana, ule unaoletwa na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ripoti ya timu yake na ile ya madaktari wa Oslo, Norway, zilitoka siku moja, Aprili 9, 2021. Ya Norway ilihusu wahudumu wa afya watano, wa miaka 32 hadi 54, kati ya watu kama 130,000 waliochanjwa AstraZeneca. Watatu walikufa. Hawa ni watu waliokwenda kazini wazima, wakachanjwa ili wasiwaambukize wagonjwa wao.

Denmark iliisimamisha AstraZeneca Machi 11, na Aprili 14 ikaiacha kabisa. (Siku ya tangazo hilo afisa mmoja wa mamlaka ya dawa alizimia mbele ya kamera, kwa mwezi waliokuwa wameupitia, simshangai.) Hesabu yao ilikuwa tatizo moja kwa kila watu 40,000. Kwa upande wa pili wa mizani, wazee wao wengi walikwisha kuchanjwa, maambukizi yalikuwa yamedhibitiwa, na chanjo za aina nyingine zilikuwepo. Wakasema wazi kwamba wangekuwa katikati ya wimbi kali na bila chanjo mbadala, wangeendelea kuitumia. Sioni kosa katika uamuzi huo. Uingereza ilipima mizani hiyohiyo ikapata jibu tofauti: iliendelea kuchanja, ila Aprili ikawatafutia chanjo nyingine walio chini ya miaka 30, na Mei walio chini ya 40.

Kusimamisha chanjo kulikuwa na faida nyingine isiyosemwa sana. Mtu akija na damu iliyoganda, mkono wa daktari huenda wenyewe kwenye heparini. Tahadhari ya mwezi ule iliwaambia madaktari: kwa huyu mwacheni heparini, mpeni dawa nyingine ya kuzuia mgando pamoja na kingamwili za watu wengine, za kuwekewa kwenye mshipa. Kati ya wagonjwa 11 wa kwanza wa Greifswald walikufa 6. Katika wagonjwa 220 walioripotiwa Uingereza miezi michache baadaye, waliokufa walikuwa asilimia 22. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba hata wasio mahututi walianza kugunduliwa, lakini si yote.

Sasa Kinshasa. Machi 2, 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Siku kumi baadaye ikaahirisha kuanza kuchanja, ikifuata nchi za Ulaya. Ilianza Aprili 19, muda wa dozi ukiwa unayoyoma, na mwisho wa mwezi ikakubali takriban milioni 1.3 zipelekwe nchi nyingine za Afrika kabla hazijaharibika. Juni wimbi la tatu likaingia Kinshasa.

Tupige hesabu kwa kiwango cha Uingereza kwa walio chini ya miaka 50, mmoja kwa 50,000. Dozi milioni 1.7 zingeleta wagonjwa wapatao 34, na kwa matibabu ya siku za mwanzo nusu yao wangekufa. Si kitu cha kupuuza. Wanaoitetea Kinshasa wana hoja nyingine nzito: Wakongo wengi ni vijana, na kwa kijana wa miaka 22 faida ya chanjo ilikuwa ndogo, pengine ndogo kama kwa kijana wa Copenhagen, Denmark. Lakini dozi za kwanza hazikuwa za vijana. Zilikuwa za wahudumu wa afya, wazee na wenye kisukari au presha, na hao hawakuwa na friji iliyojaa chanjo nyingine ya kuwangoja. Denmark ilitoa sababu zake hadharani, na hakuna hata moja iliyokuwa kweli Kinshasa. Kwa hiyo naona walikosea, ingawa kuogopa kwao naelewa.

Na kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo. Kuujua ugonjwa huu kunahitaji hesabu ya chembe sahani, picha ya CT ya kichwa, kisha kipimo maalumu cha kingamwili za PF4. Hospitali nyingi za wilaya kwetu zina hicho cha kwanza tu, mashine ikiwa nzima. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba huku hakukuwa na mgonjwa hata mmoja, namuuliza nani aliyepima.

Siku ya nane baada ya foleni ile, shangazi aliumwa kichwa kutwa nzima. Tulimpa Panadol, kikapoa, na nyumba nzima hapakuwa na aliyejua kwamba siku ya nane ndiyo ya kumpeleka hospitali akahesabiwe chembe sahani.