Dabi ya Mbeya: kelele zipo, hela ziko wapi?

Pale Kabwe, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kuna kijana anatundika jezi kwenye kamba. Siku mbili kabla ya Prisons na Mbeya City, timu mbili za mji wetu, kukutana nilikuwa nasubiri bajaji, sina la kufanya, nikaanza kuzihesabu. Za Yanga kumi na sita. Za Simba kumi na nne. Arsenal, Manchester, moja ya Brazil ya mtoto. Za timu zetu za Mbeya zilikuwa mbili, na moja ilishapauka kwa jua. Nikamuuliza, mdogo wangu, wiki ya dabi hii, mbona za nyumbani chache hivyo? Akacheka. "Kaka, hizo mbili zina muda hapo. Ya Yanga nikiitundika asubuhi, jioni siikuti."

Nimeanza na kamba ile kwa sababu mjadala wa fedha za timu zetu mara nyingi unaanzia mahali pasipo. Tangu Mbeya City irudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, baada ya misimu miwili ya kuhangaika Championship, daraja la chini yake, vijiwe vya Mwanjelwa na Soweto vimerudia ugomvi wa zamani: mji huu unaweza kulisha timu mbili? Wako wanaosema timu hizi zinanyang'anyana riziki, kwamba wadhamini ni walewale, uwanja ni uleule wa Sokoine, na mfuko wa shabiki ni mmoja. Dawa yao ni kuziunganisha, Mbeya iwe na timu moja yenye misuli. Wengine wanasema ukiua dabi umeua kitu pekee ambacho Dar es Salaam haiwezi kutuuzia.

Tuanze na wa kuunganisha, maana hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali.

Historia inawabeba. Tukuyu Stars, wale Banyambala, walichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Prisons wakauchukua 1999. Baada ya hapo, kombe halijapanda tena milima yetu ya Uporoto. Kilichopanda ni idadi ya timu. Mbeya Kwanza wakaingia Ligi Kuu 2021/22, wakashuka msimu huohuo. KenGold wa Chunya wakaingia 2024/25, nao wakashuka palepale. Mbarali walikuwa na Ihefu, ambayo nitairudia. Ukipanga majina hayo yote unapata picha ya mkoa unaozaa timu kama nyanya za masika: zinaiva zote wiki moja, zinaozea sokoni pamoja. Na jirani zetu hawakufua dafu pia. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2019, ikafungwa na Azam bao moja, na mwaka uliofuata ikashuka. Njombe Mji ilionja msimu mmoja tu, 2017/18.

Hoja ya pili ni umbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za lami, na hiyo ndiyo safari nyepesi. Kigoma, Bukoba na Mwanza ni habari nyingine. Chukua mfano tu: msafara wa watu 28, vyumba 14 vya Sh40,000, usiku tatu. Hapo umeshatumia Sh1,680,000 kwa kulala, na hujagusa chakula, dizeli wala posho. Zidisha kwa mechi za ugenini za msimu mzima, kisha kumbuka kwamba mji mmoja unalipa bili hiyo mara mbili.

Mpaka hapo ungesema kesi imeisha. Ila hesabu ya mapato haifuati hesabu ya gharama.

Azam Media waliingia mkataba wa haki za matangazo ya ligi mwaka 2021, Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi. NBC, wadhamini wakuu wa ligi, waliongeza mkataba wao 2023 kwa miaka mitano, Sh32.6 bilioni. Fedha hizi hupitia kwenye ligi, na mgao wake huenda kwa klabu. Hakuna mgao wa mji. Mji wenye klabu mbili Ligi Kuu unapokea mafungu mawili. Ukiziunganisha, fungu moja linapaa na kwenda kutua kwa timu nyingine itakayojaza nafasi, labda Kanda ya Ziwa, labda Pwani.

Kisha angalia ratiba. Simba anakuja Mbeya kucheza na Prisons, anarudi kucheza na City. Yanga vilevile. Hizo ni siku nne kwa msimu ambazo watu wanapanda kutoka Kyela na Tukuyu, wanashuka kutoka Chunya, wanakuja kutoka Vwawa na Tunduma. Gesti zinajaa, wauza ndizi za kuchoma hawakai chini, bodaboda anapandisha nauli bila aibu. Ukiwa na timu moja, siku hizo zinabaki mbili. Wanaodai kuunganisha kutaongeza mapato sijawahi kuwasikia wakizitaja hizo mbili zinazopotea.

Lakini hesabu hiyohiyo inatuumbua. Kama neema yetu inasubiri Simba na Yanga waje, basi biashara ya timu zetu ni ya kukodisha viti kwa mashabiki wa wageni. Siku ya Yanga, Sokoine inageuka kijani na njano, na mwenyeji anaonekana kama aliyealikwa kwake. Ndiyo maana nasema jirani anatuhumiwa bure. Prisons hajamnyang'anya City mteja, wala City hajamnyang'anya Prisons. Mteja wa wote wawili alishachukuliwa zamani, redioni, kabla hajaota ndevu, na timu za Kariakoo.

Mdhamini anaijua kamba ya Kabwe kuliko sisi. Mwaka 2022 SportPesa, kampuni ya kubashiri, walisaini na Yanga Sh12.33 bilioni kwa miaka mitatu, ambayo ni zaidi ya Sh4.1 bilioni kwa mwaka. Mbeya City, wakati moto wake unawaka kweli, 2014, ilipata Sh180 milioni za mwaka mmoja kutoka Binslum Tyres, ikavaa nembo ya betri za RB kifuani. Najua kati ya miaka hiyo shilingi imepungua nguvu na soko la kamari limekua. Hata hivyo, fedha ya Yanga ya mwaka mmoja ingeweza kulipa mkataba ule wa City zaidi ya mara 22. Pengo hilo huwezi kuliziba kwa kumkaba jirani anayeishi upande wa pili wa mji.

Tena ile City ya 2013/14 haikuwa mchezo. Ilipanda daraja ikamaliza ya tatu, juu ya Simba, chini ya kocha Juma Mwambusi. Zambarau, rangi ya City, ilivaliwa mpaka harusini. "Koma kumwanya" ilikuwa salamu. Kilichofuata ni cha kawaida kwa timu zinazong'ara bila mtaji: Mwambusi akaenda kuwa msaidizi Yanga, Deus Kaseke akaenda Yanga, baadaye Raphael Daud naye akaenda Yanga. Timu ikawa shamba la mbegu. Kuuza wachezaji siyo dhambi, klabu nyingi duniani zinaishi hivyo. Shida inakuja pale fedha ya mauzo inapoingia kulipa madeni ya jana badala ya kuandaa Kaseke wa kesho.

Hapa tunafika kwa wenye mali. Mbeya City ni ya Halmashauri ya Jiji. Prisons ni ya Jeshi la Magereza. Zote mbili zinakaa chini ya mwavuli wa umma, na mwavuli huo una kivuli na una matundu.

Kivuli chake tumekiona. Prisons hawana hofu ya tajiri kuamka vibaya. Baadhi ya wachezaji wao ni askari walioajiriwa, mshahara unaingia hata mvua ikinyesha siku ya mechi na geti likakusanya hela ya chai. Ndiyo maana Wajelajela wamepita kwenye misimu ya kunusurika kwa nywele, 2024/25 ikiwemo, na bado wapo. City nao walishuka 2023 baada ya kufungwa na Mashujaa wa Kigoma kwenye mchujo, na hawakufa. Klabu ya mtu binafsi ikishuka, mara nyingi huuzwa kabla viatu havijakauka.

Matundu yake ni haya. Fedha ya umma ina njia yake: bajeti, baraza la madiwani, vocha, mkaguzi. Dirisha la usajili halingojei kikao cha kamati ya fedha. Halafu kuna swali la haki. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Mpenda mpira hawezi kuusikia mgawanyo huo bila kutabasamu, ni mfumo kamili wa uwanjani. Lakini mama anayeuza mboga Ilemi, anayelipa ushuru na hajawahi kukanyaga Sokoine, ana haki ya kuuliza timu imepangwa namba ngapi katika kikosi hicho. Diwani anayejibu kwamba timu inautangaza mji hajakosea. Hajamaliza tu. Kutangaza kuna bei, na bei huandikwa.

Kwa hiyo tuwape matajiri? Hilo ndilo jibu jepesi, na huko ndiko Ihefu inapotufundisha.

Novemba 29, 2022, pale Highland Estate, Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga, Ihefu waliifunga Yanga 2-1 na kuikatiza kwenye mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mwaka uliofuata wakaifunga tena hapohapo, 2-1 vilevile. Timu binafsi, ina maamuzi ya haraka, uwanja mdogo uliojaa. Kila kitu ambacho sisi wa mjini tunajinyima. Msimu wa 2023/24 haujaisha, timu ikahamia Singida. Leo inaitwa Singida Black Stars. Simlaumu mwenye mali, mali ni yake na alifuata biashara. Lakini Mbarali wamebaki na nini? Wanabaki na simulizi tamu na nyasi. Mpenzi wa soka wa Ubaruku, kulekule Mbarali, hakuulizwa, kwa sababu katika karatasi za umiliki hakuwa mtu.

Kwa haki, taasisi nazo huhama. Prisons msimu wa 2020/21 walicheza nyumbani Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela, na huko wakamfunga Simba 1-0. Warukwa walifurahia, na wana haki. Tofauti ni kwamba Prisons walirudi. Lakini kilichonisumbua mimi wakati ule ni ukimya wa Mbeya. Timu bingwa wa 1999 inaondoka mjini na sikumbuki kusikia kilio. Timu ambayo mlo wake hautegemei shabiki haina haja ya kumbembeleza, na shabiki asiyebembelezwa hajui kama amepoteza kitu.

Nikipima yote, nasimama na timu mbili, na nasimama na umiliki wa umma kuliko wa tajiri mwenye lori la kuhamia. Ila siungi mkono namna zinavyoshindana. Zinashindana pale zinapopaswa kushirikiana, na zinapumzika pale zinapopaswa kupigana. Fikiria mwenye duka la vipuri anayetaka bango uwanjani. Akienda kwa huyu akatajiwa bei, anakwenda kwa yule ampunguzie, kisha anarudi kwa wa kwanza na bei ya pili. Hapo wote wawili wanauza kwa hasara. Uwanja wenyewe ni wa CCM, wote ni wapangaji, na wapangaji wawili wanaoongea na mwenye nyumba kwa sauti moja husikilizwa kuliko kila mmoja akinong'ona kivyake.

Kwa shabiki, hapo wapigane kweli. Shule za msingi za Jiji ni nyingi na watoto bado hawajachagua. City wamchukue wa Iyunga, Prisons wamchukue wa Ruanda, wagombane mitaani kwa jezi ya bei ya mtoto na tiketi ya Sh1,000 siku Simba na Yanga hawapo. Huo ndio ushindani wa kibiashara ninaoutaka: mzazi anunue zambarau kwa sababu wa jirani amenunua ya Prisons.

Na dabi yenyewe iuzwe kama bidhaa moja. Mechi mbili kwa msimu, mdhamini mmoja wa siku zote mbili, mapato yagawanywe nusu kwa nusu bila kujali nani ni mwenyeji. Eneo la Iyunga peke yake lina viwanda vya soda na bia, huko Songwe kuna saruji, na Mwanjelwa ina wafanyabiashara wa mchele wasiohitaji kwenda Dar kutafuta mteja. Hao hawataki kununua nafasi ya nembo kwenye jezi ya Yanga, hawana ubavu huo. Lakini wikiendi mbili za Mbeya wanaziweza.

Kikwazo ninachokiona ni cha kalamu. Mkurugenzi wa Jiji yuko hapahapa mjini, unaweza kumkuta ofisini Jumatatu. Kalamu ya Prisons iko makao makuu ya Jeshi, Dodoma, na kamanda wa huko hawezi kuamka akiwaza bango la duka la vipuri la Kabwe. Mtu wa kwanza wa kutafutwa ni yule anayeweza kupewa ruhusa ya kusaini akiwa Mbeya.