Simba wa Kima Alikuwa Beberu

Mlioiona ile video yangu nikiwa nimekwama kwenye dirisha la matatu, chekeni mmalize kwanza. Jamaa aliyeisambaza kakata mwanzo wote, na mwanzo ndio wenye historia.

Tulikuwa ndani ya matatu, barabara ya Mombasa, tukielekea Nairobi kutazama magari moshi ya zamani kwenye Makumbusho ya Reli. Karibu na Kima dereva akasimama, watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Sasa mimi nipite Kima ninyamaze? Nikabaki mlangoni nawahutubia. Juni 1900, mwaka mmoja tu tangu reli ifike Nairobi, simba mla watu alikuwa akiitesa stesheni hii. Ryall, ofisa wa polisi wa reli, akaja kumwinda na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Behewa lao likawekwa njia ya pembeni. Ryall akashika zamu, usingizi ukamshika yeye. (Na hapana, stesheni haikuitwa Kima, kama nyama ya kusaga, kwa sababu ya yaliyompata. Jina alilikuta.)

Utamu uko kwenye mlango. Ulikuwa wa kuteleza kando, na behewa lilikuwa limelalia upande mmoja kwa sababu reli haikuwa imesawazishwa. Simba alipoingia, mlango ukateleza wenyewe ukajifunga. Parenti alikuwa amelala sakafuni. Simba akamkanyaga ili amfikie Ryall.

"Ni kama huu," nikasema. Matatu ilikuwa imeinamisha pua mteremkoni, na mlango wake hufungwa kwa kwenda mbele. Ndoano ya kuushika ukiwa wazi ilishalika, kondakta akawa anauzuia kwa kijiti. Nikakichomoa. Krrrr, tap! Somo limeeleweka.

Kitasa cha ndani hakikuwapo.

Nyuma yangu kitu kikakohoa. Jamani, nilikuwa nimemsahau beberu wa mzee mmoja tuliyepanda naye. Kamba ilikuwa imefunguka mguuni pa siti, inaburuta. Akanitazama. Nikamtazama. Msiniulize kuhusu mlango wa dereva, huko mbele palikuwa na magunia ya mkaa mpaka darini. Huebner alimkanyaga simba mgongoni ili afikie mlango wa pili, akakuta watumishi upande wa pili wameung'ang'ania kwa vilemba. Mimi wangu ulishikwa na jamaa yangu: mkono mmoja kwenye kitasa cha nje, mwingine kwenye simu.

Likabaki dirisha. Ryall alitolewa na simba kwa dirisha, nami nikaona si haba. Kichwa kikapita. Bega la kushoto likapita. La kulia likakwaruza, likapita. Tumbo nikalivuta ndani mpaka likaniuma mgongoni. Kiuno kikagoma. Nikawa nusu Kima, nusu matatu, mkono umeshika hindi ambalo muuzaji alinipa kwa huruma. Halafu nikasikia kwato zikirudi nyuma, polepole, hatua tatu. Mfugaji yeyote atakwambia beberu harudi nyuma kwa adabu.

Hapo ndipo video yenu inapoanzia.

Basi. Mzee akadai nimemtia mnyama wake wasiwasi, nikamlipa. Suruali tukaibana kwa pini nne. Nairobi tukafika, na behewa la Ryall lipo pale makumbusho. Nililikagua kwa mwendo wa kaa, mgongo ukutani. Jamaa yangu akalipima dirisha kwa mikono, akanigeukia, akapima kiuno changu.

Hatuongei.