Mbwa Aliyegombana na Mlima

Tangazo langu lilikuwa fupi: "Unasafiri? Niachie mbwa wako. Uwanja mpana, hewa safi ya mlimani, utulivu." Hilo neno utulivu hakuna aliyenilazimisha kuliandika.

Nyumba yangu imetazamana na jabali lililosimama wima ng'ambo ya bonde. Mgeni wangu wa tatu aliletwa Ijumaa jioni na mama mmoja mpole: mbwa mkubwa, kifua kama pipa, jina lake Radi. Alikuja na kadi ya chanjo, blanketi lake na maelekezo kurasa mbili. Asipewe chokoleti wala zabibu, kwa mbwa hizo ni sumu. Alale na blanketi lake, harufu ya kwao itamtuliza. Nikawa naitikia tu, kama fundi mzoefu.

"Huyu habweki," mama akasema akiingia kwenye gari. "Labda ajibiwe."

Hiyo labda niliisikia, ila haikuniingia.

Saa nne usiku kitu kikachakura nje ya ua. Radi akabweka mara moja tu. Kimya. Halafu, kutoka gizani ng'ambo: "Bwe!"

Sikio moja likasimama. Akabweka tena. Akajibiwa tena, kwa sauti ileile, kwa jeuri ileile. Mimi nilijua ni mwangwi. Hata hesabu niliipiga: sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, na jibu lilichukua sekunde tatu kurudi, kwa hiyo jabali liko nusu kilomita hivi. Hesabu tamu sana hiyo kwa mtu aliyejifunika mto kichwani saa saba usiku. Radi hakuwa na habari na hesabu. Alichojua ni kwamba kule kuna jibwa lisilo na adabu, ambalo lazima liseme la mwisho.

Kijibwa changu cha miguu mifupi kikaamka kumsaidia mgeni. Ng'ambo nao wakawa wawili. Radi akanitazama, kana kwamba anasema: unaona? Ameita ndugu zake.

Uvumilivu ukanishinda. Nikatoka, nikapiga ukelele: "Nyamaza!"

"Nyamaza!" likasema jabali.

Radi akanigeukia, akaligeukia bonde, akanigeukia tena. Nikamwona kabisa akifikia uamuzi: bwana wangu mpya ametekwa. Akaruka ua.

Nikamkimbilia na tochi, nguo za kulalia na kiatu kimoja, kwa sababu cha pili kilibaki kwenye tope hatua ya kumi. "Radi! Radi!" Na mlima nao, kwa sauti yangu mwenyewe: "Radi! Radi!" Mbwa mwenye akili atamfuata yupi? Yule aliyetekwa, bila shaka. Kila nilipomwita ndivyo alivyozidi kuniacha.

Dirisha la jirani likafunguka. Akachungulia mbingu, nyota zimejaa tele.

"We jirani! Radi gani hiyo unayoipigia kelele? Mimi nimeshaanua nguo zote!"

Ikabidi nifunge mdomo na kuteremka kimyakimya, nikishika migomba ya watu kwa mkono mmoja. Nilimkuta kwenye kijito chini ya jabali, ameketi majini, shingo juu, mkia ukipiga maji chapu chapu, anamsubiri bwana wake ashuke. Aliponiona pembeni yake alinusa mkono wangu, akanusa tena, akatazama juu. Mpaka tunafika nyumbani alikuwa bado ananishuku.

Jumapili mama akaja. "Alitulia?"

"Mtulivu mno," nikasema, kiatu kimoja cha bluu mguuni na kingine cheusi.

Akafurahi, akasimama langoni, akafungua mikono na kumwita kwa sauti yote ya mapenzi aliyokuwa nayo: "Radiii!"

"Radiii!" likaitikia jabali.

Mbwa akamtazama mama yake mara moja, akampa mgongo, akaruka ua. Nami nikaenda kuchukua tochi.