Cheti cha Kakao Hai Kiwe cha Mkulima

Dada yangu karudi likizo kutoka Ujerumani na kipande cha chokoleti. Kwenye karatasi kuna maneno mawili yaliyonishika moyo: Kyela, Tanzania. Pembeni, nembo ya lile jani la kijani la Umoja wa Ulaya linaloapa kwamba hii ni kakao ya kilimo hai, yaani iliyolimwa bila sumu wala mbolea za viwandani. Gramu 70, yuro 5. Nilifurahi sana. Kisha nikamkumbuka mjomba, hasira zikanipanda.

Mjomba ana ekari mbili za kakao huko Kyela, chini ya migomba na miembe. Hajawahi kupulizia dawa. Mara ya mwisho nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anageuza kakao kwenye sanduku la mbao la kuvundikia. Mbegu zilizoingia nyeupe na utelezi zilikuwa zimeshakuwa kahawia, mvuke unafuka, harufu ya siki inapanda puani. "Mpwa wangu, tia mkono," akaniambia. Nikatia, nikautoa haraka. Moto kama uji uliotoka jikoni. Siku sita anazigeuza, ndipo anazianika kwenye vichanja, na kwa mvua za Kyela lazima mtu mmoja ashinde hapo na turubai tayari. Ladha inayosifiwa Ulaya inaanzia kwenye lile sanduku. Ndiyo maana wanaopita vijijini kununua kakao mbichi wananiudhi kuliko nisemavyo: wa Kagera wanaijua butura, kununua kahawa ikiwa bado mtini, wa korosho wanaijua kangomba, kununua kwa magendo kwa bei ya kutupa, ni mchezo uleule.

Lakini leo nina neno na cheti cha kilimo hai.

Kwa misimu kadhaa mkaguzi wa kampuni iliyokuwa ikinunua kwa mjomba alifika shambani. Alihesabu miti, akachora ramani, akaingia stoo kutafuta makopo ya dawa, mjomba akatia sahihi. Msimu mmoja kampuni haikurudi. Mjomba akapeleka gunia zake AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akawaeleza kuwa kakao yake ni hai. Karani akamuuliza, "Mzee wangu, cheti kiko wapi?" Hakuwa nacho. Kilikuwa na jina la kampuni, na kampuni iliondoka nacho. Miti ni yake, palizi yake, miaka yote ya kuvumilia wadudu bila sumu ni yake, ila karatasi inayoyasema hayo si yake. Gunia zikamwagwa pamoja na za wengine, kwa bei ya wengine.

Najua ukaguzi una gharama na kampuni ndiyo iliyolipa. Nakubali pia kwamba bila wanunuzi wa aina hiyo pengine jina la Kyela lisingefika kwenye ile karatasi. Lakini aliyelipia ukaguzi kanunua huduma ya ukaguzi, hakununua historia ya shamba la mtu.

   

Sasa sikilizeni, wana Kyela, na ninyi wa Rungwe na Kilombero. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kilimo hai, namba 2018/848, inataka kikundi chenye cheti kiwe cha wakulima wenyewe, kisajiliwe kisheria, kisizidi wanachama 2,000. AMCOS tayari ni chama kilichosajiliwa! Ninachoogopa ni kampuni kuja na katiba iliyokwisha andikwa na mwenyekiti waliyemchagua wao, wakulima wakapewa peni ya kusaini tu, cheti kikarudi kwenye kabati lilelile la kampuni. Msikubali. Ulizeni cheti kitakaa ofisi gani, na siku mnunuzi akiondoka kitabaki kwa nani.

Mjomba nimeshamweleza kwa simu. Mkutano mkuu wa AMCOS yao ni mwezi ujao, na ameniomba kurasa za kanuni hiyo zinazohusu vikundi, kwa Kiswahili, herufi kubwa, maana miwani yake imevunjika. Nazitafsiri usiku nikitoka kazini. Nimefika ya tatu.