Hesabu za kampuni nazisoma kuanzia nyuma

Mnada wa ufuta ulipoisha na malipo kuingia benki, mjomba wangu alipanda gari Nachingwea akaja kwangu hapa Lindi mjini. Tulipomaliza chai akatoa kwenye mfuko wa shati ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne, wenye jedwali la hesabu za robo mwaka za benki moja. Akaunyoosha juu ya meza kwa kiganja, akaweka kidole kwenye mstari wa faida.

"Mpwa wangu, wewe ndiye mtu wa vitabu. Hawa wamepata kuliko mwaka jana. Ninunue hisa zao?"

Naulizwa sana swali hilo, kwa kuwa nilitunza vitabu vya AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima, miaka tisa na watu wanajua ninamiliki hisa kidogo. Zamani nilikuwa najibu "soma hesabu zao kwanza", basi. Siku hizi naona jibu hilo halimsaidii mtu. Mjomba alikuwa ameshasoma. Tatizo ni kwamba alisoma mstari mmoja tu, ule ambao kampuni yoyote ingependa ausome.

Tuanze na jambo linalowavunja moyo wengi: faida iliyotangazwa leo haikuambii bei ya hisa itakwenda wapi kesho. Mwaka 1968 watafiti wa uhasibu Ray Ball na Philip Brown walichapisha utafiti wa kampuni 261 za soko la hisa la New York. Walitazama mwendo wa bei katika miezi 12 kabla ya faida ya mwaka kutangazwa. Kampuni ambazo faida yake ilikuwa inakwenda kuzidi matarajio, hisa zao zilikuwa zimeshaanza kupanda mapema, na zile ambazo mambo yalikuwa yanaharibika, hisa zao zilikuwa zinashuka kabla mhasibu hajafunga kitabu. Walikadiria kwamba asilimia 85 hadi 90 ya habari iliyomo ndani ya tarakimu ya faida huwa imeshalifikia soko kwa njia nyingine. Hapa kwetu tunalijua jambo hilo bila utafiti. Mvua ikikata mapema Liwale, mnunuzi mkubwa wa ufuta anajua kabla gunia la kwanza halijapanda kwenye mzani.

Lakini wanaonukuu utafiti huo ili kusema hesabu hazina maana wameusoma nusu. Watafiti haohao waliona kwamba nusu au zaidi ya habari zote zinazopatikana kuhusu kampuni kwa mwaka mzima imo ndani ya faida yake. Kwa hiyo faida ina uzito mkubwa. Kilicho pungufu ni kwamba inafika kwa kuchelewa, wenzako wakiwa wameshainusa.

Halafu Dar es Salaam si New York. Soko letu la hisa lilianza biashara Aprili 1998 na mpaka leo ni dogo. Zipo kampuni zinazoweza kumaliza siku kadhaa bila hisa hata moja kubadili mikono. Matokeo yanatoka, bei imelala palepale. Hata Marekani, Victor Bernard na Jacob Thomas walionyesha mwaka 1989 kwamba bei huendelea kusogea wiki nyingi baada ya tangazo, kana kwamba watu wanachelewa kuelewa walichosoma. Kwa mtu wa Lindi hiyo ni nafuu: anao muda wa kukaa na karatasi. Ila akumbuke kwamba soko lililolala wakati wa kununua linaweza kulala vilevile siku atakayotaka kuuza.

Sasa hesabu ni za nini, kama si za kubashiri bei? Kwangu mimi hesabu za kampuni ni bambo. Aliyewahi kusimama ghalani analijua: kile chuma chenye mfereji, kimechongoka mbele, kinachochomwa ubavuni mwa gunia. Ufuta unateremka kwenye mfereji, mpimaji anaumwaga kiganjani, anapuliza, anaona mchanga na makapi ni kiasi gani. Hatazami mdomo wa gunia, kwa sababu pale kila mtu anaweka ufuta safi. Faida ya mwaka ni mdomo wa gunia. Bambo unalichoma kwenye maelezo ya hesabu, zile kurasa za nyuma zenye herufi ndogo, na kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, inayoonyesha fedha taslimu iliyoingia na iliyotoka.

Hilo nilifundishwa na AMCOS. Msimu mmoja tulikopesha wanachama salfa ya kupulizia mikorosho, na mauzo yote tukayaandika kitabuni siku ileile mifuko ilipotoka stoo. Mwisho wa mwaka ziada ilikuwa nzuri, na kwenye mkutano mkuu watu walipiga makofi. Mwenyekiti alipotaka zipatikane fedha za kutengeneza paa la ghala, kwenye akaunti hakukuwa na kitu. Hakuna aliyeiba. Ziada yote ilikuwa imekaa kwenye mstari mmoja wa mizania, ile karatasi ya mali na madeni, ulioandikwa "wadaiwa". Nakumbuka mzee mmoja wa mstari wa mbele alisimama akauliza, "Hao wadaiwa ni nani?" Ukumbi ukanyamaza, maana wadaiwa walikuwa ni sisi.

Baadaye nilikutana na utafiti wa mhasibu Richard Sloan wa mwaka 1996 nikaona anasimulia habari yetu kwa tarakimu za kampuni za Marekani. Aliigawa faida mafungu mawili: ile ambayo fedha yake imeingia, na ile iliyoandikwa kitabuni huku fedha ikingojewa. Fungu la pili ndilo lisilodumu mwaka unaofuata. La kushangaza zaidi, bei za hisa zilikwenda kama vile wawekezaji hawaoni tofauti ya mafungu hayo, ingawa habari yote ilikuwa imechapishwa mbele yao.

Mimi nilikuwa najua haya yote, na bado nilinunua vibaya. Ilikuwa kampuni ambayo faida yake ilipanda miaka miwili mfululizo. Niliziangalia tarakimu kubwa za mwanzo, nikampigia dalali. Gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, halikuja. Mwaka wa tatu walifuta madeni yasiyolipika, faida ikageuka hasara, na bei ikateremka mpaka chini ya nusu ya niliyonunulia. Niliporudi kwenye kitabu cha mwaka niliponunua, nikakikuta kila kitu. Wadaiwa walikuwa wameongezeka karibu mara mbili huku mauzo yakiongezeka kidogo tu. Fedha kutoka kwenye shughuli za biashara ilikuwa kwenye mabano, yaani ilitoka zaidi ya iliyoingia. Kampuni haikunificha. Nilikuwa sijafika ukurasa huo, na zile zilikuwa fedha za ada ya mwanangu.

Mfano mwingine uko jirani yetu kabisa. Gesi ya Songo Songo, hapo Kilwa, ilianza kutumika mwaka 2004, na sehemu yake inauzwa na kampuni ambayo kampuni mama yake, Orca Energy, hisa zake zinauzwa Kanada. Kwa miaka kadhaa hesabu zake zilionyesha deni la muda mrefu ambalo TANESCO, shirika la umeme, lilikuwa halijalilipa, na kampuni ikatenga tengo la deni hilo lote, yaani ikaliandika kana kwamba huenda lisilipwe, kwa kuwa haikuwa na uhakika litalipwa lini. Maelezo hayohayo yalisema pia kwamba leseni ya kuchimba gesi hiyo, ya miaka 25, iliyotolewa mwaka 2001, inafikia mwisho Oktoba 2026. Mtu wa Toronto aliyetazama faida na gawio peke yake angeona hisa ya bei nafuu. Aliyesoma kurasa za nyuma alijua kwa nini ni nafuu. Mvuvi wa Songo Songo anayepita karibu na visima kila alfajiri hana habari kwamba maisha ya visima vile yanahesabiwa, mwaka kwa mwaka, kwenye karatasi inayosomwa ng'ambo ya bahari.

Na hapa ndipo ninapopata uchungu. Sehemu kubwa ya hesabu hizi inachapwa kwa Kiingereza. Hata kwenye gazeti la Kiswahili, katikati ya habari za Kiswahili, jedwali la benki linakaa na Kiingereza chake. Tunahimizwa tununue hisa, hata kwenye simu mtu anaweza kununua siku hizi, lakini karatasi ya kumwonyesha anachonunua imeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Maneno tunayo: mizania, gawio, mikopo chechefu (ile isiyorejeshwa inavyotakiwa), uchakavu, mtiririko wa fedha. Wakaguzi wa vyama vya ushirika wanatusomea hesabu kwa Kiswahili mkutanoni na tunaelewa vizuri mpaka tunagombana. Kampuni inayoomba fedha za wananchi ishindwe nini kutoa kurasa nne za Kiswahili zenye maelezo ya madeni, kesi na leseni? Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ikiwataka wafanye hivyo, watafanya.

Na hati ya mkaguzi, ile inayoambatana na hesabu, nayo isieleweke vibaya. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi biashara ni nzuri, wala haisemi bei ya hisa ni ya haki kwako. Nimeona watu wakiitumia kama cheti cha ndoa.

Turudi kwa mjomba. Sikumwambia anunue wala asinunue. Kwa benki hata mtiririko wa fedha hauna msaada mkubwa, kwa sababu fedha ndiyo bidhaa yao, inaingia na kutoka kila saa. Nikamwambia aondoe kidole kwenye faida, akishushe mpaka kwenye mikopo chechefu na kiasi kilichotengwa kwa ajili yake, kisha alinganishe na robo ileile ya mwaka jana. Nilimtafsiria mistari hiyo kwa kalamu ya risasi, pembeni mwa jedwali. Akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Na hizi zilizofungwa kwenye mabano?"

"Hizo zinapungua, mjomba. Zinatolewa."

Alinyamaza kitambo. "Kwa hiyo wametoa kingi kuliko mwaka jana kwa wasiolipa, na bado faida imepanda?"

"Ndiyo. Sasa tafuta imepandia wapi."

Alilala kwangu siku ile. Asubuhi nilimkuta barazani na miwani yake, simu mkononi, amefungua kitabu kizima cha hesabu za mwaka za benki ile. Fedha za ufuta zilikuwa bado ziko benki. Aliniita kabla sijanawa uso: alikuwa amefika kurasa za nyuma, amekuta mabano mengine, na alitaka nimsomee.