Pikipiki Iliruka, Mimi Nikabaki

Kabla ya siku ile nilikuwa najihesabu dereva. Miaka 12 juu ya pikipiki ya CC 125, jua na mvua, na nimeanguka mara moja tu, tena ikiwa imesimama. Kwa hiyo kijana mmoja tunayefahamiana aliponiambia, "Kaka, njoo umwonje mnyama," akimaanisha pikipiki yake ya CC 450 ya motokrosi, yale mashindano ya kuruka matuta ya udongo, sikuuliza mara mbili. Nilikwenda hata viatu nimepiga rangi.

Cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba mnyama mwenyewe hana vitu. Hana taa, hana indiketa, hana saidimira, hana ufunguo, hana mshale wa spidi. Hata stendi hana. Alikuwa kapandishwa juu ya kigoda cha chuma kama mwali. Kilomita hazihesabiwi. Kinachohesabiwa ni saa, kwa kimita kidogo kilichobandikwa karibu na usukani, maana injini ya mashindano hufanyiwa huduma kwa saa ilizonguruma. Kilikuwa kinasoma 41.2. Ishike namba hiyo.

Kiti kiko kama sentimita 95 kutoka ardhini. Mimi Mungu kanijalia mengi, lakini miguu mirefu haimo. Nilipanda kama mtu anayeruka ukuta wa jirani usiku, na nilipokaa, ncha ya kiatu kimoja ndiyo iliyogusa chini. Mguu wa pili ukaning'inia ukisubiri zamu. Shokapu zake zina mwendo wa karibu sentimita 30, basi ziliposhuka kidogo kwa uzito wangu, nilizishukuru kwa hicho kidogo.

Kijana akanipa somo. Simama juu ya vikanyagio, viwiko juu, bana tangi kwa magoti, kidole kimoja kisitoke kwenye klachi. Ondoka na gia ya pili, ya kwanza ina hasira. Nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo" kwa ile sauti ya mtu aliyekwishaacha kusikiliza. Akabonyeza kitufe, ikaunguruma, akaiacha ipate moto dakika nne hivi huku mimi niko juu yake nikitetemeshwa mpaka meno.

Hapo akapita mtoto wa kike, hazidi miaka tisa, juu ya kipikipiki cha CC 65, kasimama wima, viwiko juu. "Shikamoo!" Kabla sijafungua mdomo, kashapotea kwenye kona.

Sasa, pikipiki yangu ya kila siku ina nguvu za farasi kama 10, na mmoja wao naamini ni punda. Nimezoea kuvuta moto, yaani kuzungusha mkono wa mafuta, mpaka mwisho ndipo kitu kitokee. Hii ina farasi zaidi ya 50, na yenyewe nzima ni kilo 110 hivi. Nikaachia klachi na kuvuta moto kama ninavyovuta nyumbani.

Naomba nieleze kitaalamu, maana watu wananicheka bila kuelewa. Pikipiki ilichomoka, mwili ukabaki. Mikono ndiyo ikawa inaninusuru nisidondoke nyuma, na nilivyoning'inia, kiganja cha kulia kikazungukia chini. Kuzungukia chini ndiko kuongeza moto. Moto ukiongezeka, mwili unazidi kubaki. Mwili ukibaki, unazidi kuvuta. Dawa yake ni kuikamata klachi tu. Lakini kile kidole kilichoambiwa kisitoke kilikuwa kimetoka zamani, kimeungana na wenzake kushikilia usukani na kusoma dua.

Nilimpita yule mtoto. Na kwa kuwa salamu ni deni, nikalipa: yeye alisikia "maraaa", "haba" ikabaki nyuma.

Mbele kulikuwa na tuta. Si yale ya barabarani ya kupunguza mwendo, la, kilima cha udongo kinachomzidi mtu urefu, kimechongwa kwa ajili ya watu wenye akili tofauti na zangu. Mikono ikafanya uamuzi bila kunishirikisha: ikaachia. Mimi nikaenda na matope, puu, kwa makalio, kisha mgongo, kisha sehemu ambazo sikujua zinaweza kutangulia. Pikipiki haikunisubiri. Ilipanda tuta peke yake, ikaelea, ikatua kwa gurudumu la nyuma kwanza, ikaenda mita kadhaa imenyooka, halafu ikalala ubavu taratibu na kuzima.

Kijana alikuja mbio. Akanipita. Aliinua pikipiki, akakagua usukani, akafuta tope kwenye madigadi kwa kiganja chake, ndipo akageuka kunitazama.

"Lakini umeona?" akasema. "Hivyo ndivyo inavyorukwa."

Kisha akanyoosha mkono kuniinua. "Pole, mzee." Asubuhi nilikuwa kaka.

Yule mtoto naye kapunguza mwendo pembeni yetu, ananichungulia kupitia miwani yake. Nikatema tope, nikammalizia: "... haba."

Kimita kilisoma 41.3. Sehemu moja ya kumi ya saa, yaani dakika sita, na ukitoa zile nne za kupasha injini unaweza kunipigia hesabu mwenyewe.

"Sasa umeionaje?" kijana akauliza.

Nikamwambia ukweli. Moto upo, shokapu nzuri, inaruka vizuri. Breki tu ndizo sikubahatika kuzijaribu.