Leseni Ilifika Saiti, Mwenyewe Hakufika

Naanza na hili ili tusisumbuane mbele: mkandarasi wangu alikuwa na leseni. Tena halali. Kila ninayemsimulia habari hii hunikatiza katikati, "Si ungetafuta mwenye leseni?" Nilimtafuta. Nilimpata. Nilichukua namba yake ya usajili nikaihakiki kwa bodi iliyomsajili: jina ni lake, daraja linamruhusu kujenga nyumba za kuishi, muda haujaisha, hana adhabu. Nikaomba bima, akaleta mbili, ya vibarua wake na ya mali yangu. Kibali cha ujenzi alikifuatilia mwenyewe. Hakudai nusu ya fedha kabla ya kushika mwiko. Hata mkataba wake ulikuwa na kurasa zenye namba.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Chumba kimoja cha nyongeza nyuma ya nyumba, na bafu lake. Mlango wa bafu unatazama korido, korido inaishia sebuleni. Ushike huo mpangilio: bafu, korido, sebule. Tutauhitaji.

Siku ya kusaini alikuja mwenyewe, shati limenyooka, kofia ngumu nyeupe isiyo na tone la saruji. Akazunguka nyumba, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasema, "Mm." Mke wangu akaninong'oneza kwamba huyu anajua kazi. Ile "Mm" ndiyo kazi pekee niliyomwona akiifanya kwa muda mrefu sana.

Walipoanza kuchimba msingi akaja msimamizi wake. Mtu safi, ila alikuwa na saiti nyingine, hivyo akatuachia msaidizi. Msaidizi akampa kazi fundi mwashi kwa bei ya kuelewana. Fundi mwashi akasema yeye ni wa kuta, mambo ya sakafu anamwachia shemeji yake. Shemeji akaja na kijana. Siku moja nikamuuliza yule kijana mkandarasi wake ni nani. Akafikiri kwa bidii, kisha akajibu kwa adabu zote, "Si wewe, bosi?"

Tuwe wakweli, mkandarasi mkuu kugawa kazi si kosa. Ndiyo biashara yenyewe: ana fundi bomba wake, fundi umeme wake, watu wa paa wake, na yeye yuko juu yao wote akiwajibika kwa kila tofali. Leseni haisemi atakoroga zege kwa mkono wake. Inasema kazi ikiharibika upo mlango wa kugonga. Mlango wangu nilikuwa naujua vizuri. Kila nikiugonga, mwenye nyumba yuko kikaoni.

Sasa tuje bafuni. Mkataba ulisema sakafu iteremke kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ulisema pia kwamba kabla ya kupanga marumaru, tundu lizibwe, sakafu ijazwe maji, na maji yakae saa 24 tuone kama kuna mahali yanapenya. Ni jaribio la kawaida, halihitaji shahada. Maji yakibaki pale pale, umefaulu.

Fundi bomba akaliweka tundu juu kuliko ilivyotakiwa, kwa unene wa kidole hivi. Akalipwa, akaenda zake. Shemeji alipofika akalikuta limechomoza, na badala ya kuuliza mtu yeyote akaamua kulifuata huko huko lilikokwenda. Akajaza mchanga na saruji upande ule mpaka sakafu ikalingana nalo. Kwa hiyo tundu likawa mlimani, na mlango ukawa bondeni.

Jioni wakamwaga maji ya majaribio. Asubuhi hapakuwa na maji. Msaidizi akafungua kitabu cha saiti akaandika, nami kitabu ninacho mpaka leo: "Maji yameondoka yote. Hakuna hata tone lililobaki. Sakafu nzuri." Korido wakati huo ilikuwa bado kifusi, na kifusi kilikunywa kila kitu kikanyamaza.

Marumaru zikapangwa, za bafuni na za korido. Nitasema haki yao: zilipendeza. Mistari imenyooka, pembe zimekaa. Mama mkwe akaja kuona chumba, maana ni yeye tuliyemjengea. Tukamkaribisha sebuleni akae, nami, kwa furaha ya mtu mwenye bafu jipya, nikaenda kulizindua.

Nilikuwa nimejipaka sabuni hadi kwenye kope. Nilisikia mlio mdogo wa maji yakienda mahali, nikajua yanaenda shimoni. Nikapapasa kwa mguu kutafuta ndala. Ya kushoto haipo. Ya kulia haipo. Nikadhani nimezivulia chumbani. Nikaongeza maji.

"Baba," sauti ya mama mkwe ikatoka sebuleni, na upole ule wa mtu anayejua fika kwamba mkwe wake yuko uchi nyuma ya ukuta, "ndala zako zimefika salama."

Zilipita chini ya mlango, zikashuka korido na povu lake, moja ikiitangulia nyenzake, zikatia nanga mbele ya kiti chake. Nilipotoka nimejifunga taulo, yeye alikuwa amepandisha miguu yote miwili juu ya kiti na mkoba ameukumbatia, ametulia kama abiria anayejua kivuko kitafika tu. Mke wangu alikuwa anaokoa zulia. Mimi nilisalimia.

Msaidizi akaitwa. Akaja na pima maji, akailaza sakafuni sambamba na mlango. Kipovu kikakaa katikati kabisa. "Bosi, ona mwenyewe. Katikati." Na kweli, upande ule sakafu ilikuwa imelala vizuri. Nikamwomba aigeuze, iangalie tundu na mlango. Akanitazama kwa huruma. "Haitumiki hivyo, bosi."

Mwanangu wa kiume, ambaye hakuna aliyemwita, akatoa gololi mfukoni akaiweka kando ya tundu.

Gololi ikatulia kidogo. Ikatikisika. Ikaanza safari. Ikapita katikati ya miguu ya msaidizi, ikaruka kizingiti, ikaingia korido. Sote tukaifuata kimya kimya, mtoto mbele, mimi, mke wangu, msaidizi nyuma na pima maji yake kwapani. Kwenye kila ungio la marumaru iligonga "tik" na kuendelea. Ikaingia sebuleni, ikapinda kidogo, ikaishia chini ya kiti cha mama mkwe, ambaye kwa tahadhari alikuwa ameshapandisha miguu tena.

Msaidizi akainama, akaiokota, akaigeuza geuza kwenye mwanga. "Hii gololi," akasema, "si ya duara sawasawa."

Hapo nikaacha kupiga simu, nikaandika barua. Mkataba ulikuwa na vifungu viwili nilivyovisoma jioni ile kwa mapenzi makubwa. Kimoja kilisema asilimia 10 ya malipo inabaki mkononi mwangu mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Cha pili kilisema kasoro zote ndani ya kipindi hicho ni za mkandarasi, kwa gharama yake, hata kama aliyezifanya ni shemeji wa fundi wa msaidizi wa msimamizi. Hayo ya shemeji niliongeza mimi. Nikamalizia kwamba nakala ya barua, pamoja na ukurasa wa kitabu cha saiti, iko tayari kwenda kwa bodi iliyompa leseni. Bodi inaweza kuisimamisha leseni. Fundi wa mtaani ambaye hajasajiliwa ungemtisha na nini? Angebadilisha laini ya simu, basi.

Vikao vyote vikaisha siku hiyo hiyo. Mkandarasi akaja mwenyewe. Akanikuta nimejiandaa kwa ugomvi, akanipita akaenda moja kwa moja bafuni, akamwaga kikombe cha maji karibu na tundu. Akayatazama yakimkimbia. Akavua saa.

Nami hapa lazima niseme kitu kinachoniuma: yule bwana ni fundi hasa. Alipiga magoti akang'oa marumaru za bafu lote, akakata bomba, akalishusha tundu. Kupima hakutumia pima maji, alitumia mpira mrefu unaoonyesha ndani, ameujaza maji, ncha moja mlangoni na nyingine ukutani, akatia alama kwa penseli mahali maji yalipolingana. Kutoka alama hizo akapima kushuka. Saruji aliisawazisha kwa ubao, anavuta, anarudi nyuma, anafunga jicho moja, anavuta tena. Kijana wa shemeji alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. "Kumbe ndivyo inavyofanywa," akaniambia.

Maji ya majaribio yakajazwa upya. Akachora mstari wa penseli ukutani usawa wa maji, akaandika saa kando yake. Saa 24 baadaye maji yalikuwa bado yanaugusa mstari. Mwanangu akaja na gololi, marumaru mpya zilipokauka, ikaenda shimoni bila kuzungushwa.

Mkandarasi akajaribu, ndiyo, kuniletea karatasi: "Kazi ya nyongeza, kushusha tundu." Nikamwonyesha kifungu kinachosema kazi ya nyongeza husainiwa na pande zote kabla haijaanza. Akaikunja karatasi, akaifutia mikono.

Kipindi cha kasoro kilipoisha nikamlipa asilimia zake 10. Akazihesabu, kisha akaniomba nimwandikie barua fupi ya kuwaonyesha wateja wengine, niseme ukweli tu. Nikaandika: "Bafu hili, mara ya pili, amelijenga mwenyewe, na ni bafu zuri sana." Akaisoma taratibu, akanirudishia pamoja na kalamu, akaniomba nifute maneno matatu.